Mchi Uliooshwa

Kheiria, binti yangu, aliniandikisha Hija bila ya kuniambia. Siku majina yalipotoka alikuja chumbani kwangu na simu mkononi, anacheka huku machozi yanamtoka, akaniambia nimepata nafasi. Nikamkumbatia kwa sababu alikuwa amefurahi. Mie mwenyewe nilikuwa naogopa.

Kwetu mtu hendi Makka na haki ya mtu shingoni. Kabla ya safari unapita kwa jirani, unapita kwa jamaa, walio mbali unawapigia simu, na kila mmoja unamwomba radhi kwa unalolijua na usilolijua. Wiki mbili nzima nilifanya kazi hiyo. Jirani yetu Kawthar, tuliyenuniana miaka sita kwa ajili ya ukuta, alinisamehe mlangoni kabla sijakaa, kisha akanifungia mkate wa kumimina nije nao nyumbani. Nikawamaliza watu wa hapa Oman, wa Bawshar na wa Qurum, kisha wa Unguja na wa Dar es Salaam. Akabaki mmoja.

Jina lake Colin Thackray. Ni Mwingereza, mtoto wa fundi wa kuunda meli, na alikuwa mbunge kwa miaka thalathini na moja. Aliwahi kuwa waziri, na mwaka ule wa safari yangu watu walikuwa wakisema kuwa ndiye atakayekiongoza chama chao. Mie nilimuua baba yake.

Niliingia Uingereza mwaka 1965 na mume wangu Sleyum, baada ya Mapinduzi ya Unguja. Tulifikia mji wa bandari, kaskazini, mahali ambapo nyumba zimeunganishwa mtaa mzima na ukuta wa jirani ndio ukuta wako. Jirani zetu walikuwa Walter Thackray, mkewe Edna na mtoto wao huyo mmoja. Edna ndiye aliyenitafutia kazi dobini, kwenye hospitali. Siku yangu ya kwanza alitazama kandambili zangu, akavua mabuti yake akanivisha, na yeye akarudi nyumbani kwenye theluji na viatu vya kitambaa. Sijamsahau.

Walter alikuwa anapiga. Ukuta ule ulikuwa mwembamba, kwa hivyo nilizijua siku zake kama ninavyozijua saa za sala. Edna alikosa meno mawili upande wa kushoto. Mtoto alikuja kunibebea makaa ya mawe, na siku moja shati lilipopanda nikauona mgongo wake: mistari ya mkanda imevimba, na mwisho wa kila mstari pana alama ya chuma cha mkanda, kama muhuri. Nilimpa chai ya tangawizi, akanywa amesimama. Hakuweza kuegemea kiti.

Lakini pia nitasema hili, kwa kuwa ni kweli. Nilipokuwa na mimba ya Kheiria, majira ya baridi yote Walter aliizoa theluji mlangoni kwangu kabla hajaenda kazini. Hakuwahi kunisalimu. Alizoa, akaenda zake.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi, mwaka 1969, baada ya saa kumi jioni. Sleyum alikuwa kazini, Kheiria amelala kitandani, na Edna alikuwa dobini. Nilikuwa nikitwanga bizari jikoni kwa kinu kidogo alichonipa mama yangu, na mchi wake wa mti mzito, urefu wake toka kiwiko mpaka ncha za vidole. Walter alirudi kutoka kwenye mpira amelewa. Nikasikia kiti kinaanguka, nikasikia mkanda, nikamsikia Colin analia. Nikaendelea kutwanga. Huo ndio ulikuwa mwendo wetu, mtaa mzima: kila mtu alijishughulisha na lake mpaka kelele ziishe.

Mara kilio kikakatika. Hakikupungua, kilikatika. Nikatoka mlango wa nyuma na mchi mkononi. Hata sikujua kama ninao.

Walter alikuwa amemwekea mtoto goti kifuani, chini ya ngazi, na mikono yake yote miwili ilikuwa kooni mwake. Uso wa Colin ulikuwa rangi ya zabibu. Miguu yake ilikuwa inasugua sakafu polepole, kama mtu anayetafuta viatu vyake gizani. Nilimpiga Walter kisogoni mara moja, kwa nguvu zangu zote. Mkono wangu ulizisikia nguvu hizo zikirudi mpaka begani. Akaanguka ubavu. Damu ikamtoka kichwani na sikioni, macho yamefumba nusu, hatikisiki.

Nikaudondosha mchi, nikakimbia mpaka kibanda cha simu mwisho wa mtaa kuita gari la wagonjwa. Niliporudi Colin alikuwa amekaa kwenye ngazi. Baba yake alikuwa amelala pale pale, na mtoto alikuwa amemfunika uso na koti. Mchi wangu ulikuwa umeoshwa. Alikuwa ameusugua kwa sabuni mpaka harufu ya bizari imeondoka, akaufunga kwenye kitambaa cha vyombo, chenye mistari ya buluu, akanipa kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

"Nenda nyumbani, Anti Masouda," akaniambia. "Ameanguka kwenye ngazi. Mie nimeona."

Alikuwa na miaka kumi na tatu, na sauti haikutoka vizuri kwa sababu ya koo lake.

Nikaenda. Askari aliyekuja, kama Colin alivyonisimulia baadaye, alikuwa mtu mzima, anamjua Walter. Alimtazama maiti muda mrefu, kisha akainama akaitazama shingo ya mtoto, akaziona alama za vidole kumi. Akavua kofia. Akakifunga kitabu chake, akamuuliza kama ana njaa. Basi. Walter alikuwa mlevi aliyeanguka kwenye ngazi.

Miaka hamsini na minne nimeishi na mambo mawili kutoka siku ile. Moja ni kwamba nimeua. La pili ni kwamba mtoto wa watu, ambaye hata kumeza mate hakuweza, aliosha damu kwenye mchi wangu ili isionekane, na akamfunika baba yake uso ili mie nisiuone. Sijawahi kufanyiwa wema mkubwa kuliko ule.

Colin aliacha shule na miaka kumi na tano, akaingia kwenye kazi ile ile ya baba yake. Akawa mkubwa wa mwili, mikono kama mapande ya nyama. Mwaka 1973 vijana wa vichwa vilivyonyolewa, wale waliochukia wageni, walimkamata Sleyum njiani akitoka kazini, wakampiga mateke mpaka mbavu tatu zikavunjika. Colin aliwatafuta siku mbili. Alimvunja mmoja wao mkono kwenye ukingo wa njia, akiuweka kama mtu anavyoweka kuni ya kuvunja. Kisha alikuja kumtazama Sleyum, akamnyoa ndevu kitandani kwa mikono ile ile, taratibu, asimkwaruze.

Sie tulirudi Oman, nchi ya babu zetu, mwaka 1975. Yeye tulikuwa tunamwona kwenye magazeti, kisha kwenye televisheni. Akawa kiongozi wa wafanyakazi. Kulipokuwa na mgomo, askari wa farasi walimvunja mtulinga, naye akamvunja askari taya, akafungwa miezi sita. Alipotoka mji mzima ulimchagua, kwanza kwenye baraza la mji, baadaye bungeni. Watu walimpenda kwa sababu alikuwa anarudisha. Mtu akimtukana anamrudishia, akimgusa anampiga. Mara moja mwendawazimu mmoja alimchoma kisu begani ofisini kwake, na yeye, kisu kingali kimesimama, akamtupa yule mtu kwenye ngazi. Bega lilipona, mwendawazimu hakutembea tena. Katika uchaguzi uliofuata Colin alishinda kwa kura nyingi kuliko wakati wowote.

Kila mwaka aliniletea kadi, na kila mwaka iliandikwa kwa mkono wake. Hata alipokuwa waziri.

Sleyum alitaka twende Hija mwaka 1988. Nikasema naumwa. Mwaka 1993 nikasema tena. Nilikuwa naogopa kusimama pale na damu ile. Sleyum hakutaka kwenda peke yake, akasema atanisubiri, na akanisubiri mpaka akafa. Hilo nalo nalibeba.

Basi safari hii nilimwandikia Colin barua, kwa Kiingereza changu cha dobini. Nilieleza yote, la mchi na la ngazi, nikamwomba radhi kwa kumuua baba yake na kwa kumtia mtoto uongo mdomoni. Nikaituma bungeni, kwa kuwa anwani hiyo ndiyo niliyokuwa nayo. Sikujua kwamba barua za mbunge hufunguliwa na makarani. Kwetu barua ya mtu haifunguliwi, na ya kuomba radhi ndiyo kabisa.

Alikuja mwenyewe, Jumatatu, baada ya Alasiri. Mie nilikuwa nasafiri Alkhamisi. Kheiria alikuwa kazini, na aliyekuwa nami ni mwanawe Yaqdhan, mhandisi, ana miaka ishirini na saba. Colin alishuka kwenye teksi na suti ya kijivu, jasho limemlowesha mpaka mgongoni. Alinikumbatia mlangoni, akakishika kichwa changu kama mtu anayeshika yai. Miaka arobaini na minane hatujaonana. Alisema nimekuwa mdogo. Nilimwambia yeye ndiye aliyekula akazidi, akacheka, na kwenye kicheko kile nikamwona mtoto wangu wa makaa.

Nilikuwa nimeutoa mchi sandukuni. Sikuwahi kuutwangia tena toka siku ile. Ulikuwa juu ya meza ya kioo, ndani ya kitambaa chake kile kile, karibu na kahawa na tende. Nilitaka aufanye atakalo, aufukie au autupe. Aliutazama mara moja, hakuutazama tena.

Akatoa karatasi. Alisema karani wake msichana ameisoma barua yangu na amebaki na nakala, na kwamba baada ya wiki tatu chama kinachagua kiongozi. Karatasi ilisema kuwa mimi, Masouda, nina miaka themanini na moja, kumbukumbu zangu zimeharibika, na niliyoyaandika hayakutokea. Alitaka nitie saini. Alikuwa na kalamu nzuri, akaifungua yeye mwenyewe akanipa.

Nikamwomba kwanza anipe radhi. Akasema atasema neno lolote nitakalo, nikishatia saini. Nikamwambia radhi haitolewi namna hiyo, na mie siwezi kuingia Makka na uongo wa pili ili niufunike wa kwanza. Akasema tena, polepole, kama tunavyosema na wazee. Kisha akasema kwamba mtu akiitangaza barua ile, mkosaji ni mie, na Oman si mbali hivyo kwa askari wa Uingereza.

Yaqdhan aliichukua karatasi mezani, akaisoma mpaka mwisho, akaichana vipande vinne.

"Bibi yangu ana akili kuliko wewe," akamwambia. "Toka." Akamshika mkono kumwinua.

Nilitaka kumwambia asimguse. Sikuwahi.

Colin alimpiga ngumi ya uso akiwa bado amekaa. Sikuwahi kuisikia sauti ile ndani ya nyumba hii, mfupa juu ya mfupa. Yaqdhan akaangukia meza, kioo kikapasuka chini yake, kahawa na damu vikaenda pamoja kwenye kanzu yake nyeupe. Alijaribu kuinuka, akamshika Colin shati. Colin akampiga tena, na tena, na pua ikavunjika, nikaisikia. Kisha akamwekea goti kifuani. Mikono yake yote miwili ikaenda kooni.

Nilimwona Walter. Goti lile lile, na shingo ile nyekundu kwa nyuma. Na miguu ya mjukuu wangu ilikuwa inasugua zulia.

Mchi ulikuwa umebiringika mpaka miguuni kwangu, kitambaa kimefunguka. Mie siku hizi kikombe cha chai nakishika kwa mikono miwili. Lakini niliuokota, nikaunyanyua juu ya kisogo chake, na wallahi nilikuwa naushusha.

"Colin," nikasema.

Akageuka akauona. Na lile jitu lililowavunja watu kwa miaka hamsini likamwachia Yaqdhan, likarudi nyuma kwa makalio mpaka ukutani, likafunika kichwa kwa mikono yake, magoti yamekunjwa mpaka kidevuni.

"Hukumuua wewe," akasema chini ya mikono yake. "Anti, hukumuua wewe. Ni mie."

Yaqdhan alikuwa anakohoa na kuvuta pumzi. Nilikwenda kwake kwanza, nikamlaza ubavu, nikamtia mtandio wangu puani. Nilipoona anapumua vizuri ndipo nikamwambia Colin aseme.

Alisema bila ya kuiteremsha mikono. Nilipokimbilia simu, baba yake alifumbua macho. Akaliita jina lake. Akaanza kuinuka kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akaupeleka kwenye mkanda. Mchi ulikuwa sakafuni. Colin akampiga usoni, akaendelea kumpiga hata aliponyamaza, mpaka mkono ukachoka. Kisha akamfunika uso na koti, kwa sababu uso haukuwa tena wa kutazamika. Na akauosha mchi.

Nilikaa chini kwenye vioo. Nilikuwa nautazama mchi. Miaka hamsini na minne nilikuwa namwombea dua mtoto huyu kila baada ya sala kwa kuuosha mchi ule.

Nikamuuliza kama alijua kuwa mie nadhani nimeua. Akasema alijua. Alijua toka siku ile, nilipopokea kile kitambaa. Akasema alikuwa anaogopa kunyongwa, alikuwa mtoto. Nikamuuliza, na ulipokuwa mbunge? Na ulipokuwa waziri, ukiandika zile kadi? Nikamwambia kuhusu Sleyum, kwamba amekufa bila ya Hija kwa kunisubiri mie, na mie nilikuwa nakimbia damu isiyokuwa yangu. Sleyum uliyemnyoa ndevu, nikamwambia. Hapo ndipo alipolia, kilio kibaya, kama mtu anayetapika.

Akanitambalia juu ya vile vioo, viganja vinachanika, akaushika mguu wangu. Akaomba nimsamehe. Yeye ndiye aliyekuwa ananiomba radhi mie, ndani ya nyumba yangu, siku tatu kabla sijasafiri.

Sikuwa na haraka. Nilimtazama Yaqdhan, mdomo umepasuka, jicho limeshaanza kufumba, nikautazama uti wa mgongo wa yule mzee chini ya shati lililoloa.

"Yule mtoto aliyekuwa kwenye ngazi nimemsamehe," nikasema. "Alikuwa na haki ya kuogopa. Huyu mtu mzima simsamehi leo. Bado simjui."

Akauliza afanye nini. Sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba ndege yangu inaondoka Alkhamisi saa nane mchana.

Yaqdhan alikataa kumwita askari. Alisema amekataa kwa ajili yangu, nami namjua, alitamani sana kumwita. Alijiendesha mwenyewe mpaka hospitali, jicho moja limefumba, akashonwa nyuzi tisa, na daktari aliambiwa kwamba ameanguka juu ya meza. Niliposikia hivyo nilimtuma Kheiria amrudie daktari, akaeleza kuwa mtoto amepigwa. Sikutaka tena mtu wangu aseme ameanguka.

Colin aliondoka na mchi. Aliomba mwenyewe, nikampa.

Alkhamisi tulifika uwanja wa ndege mapema. Kheiria alikuwa akinitengeneza mtandio wangu mweupe kila dakika. Yaqdhan alikuja na bandeji yake puani, na abiria wote walikuwa wakimtazama. Mzee mmoja, nisiyemjua, akamtolea kiti, akidhani yeye ndiye mgonjwa. Ilipobaki nusu saa kuitwa, Yaqdhan akainamia simu yake, kisha akaniletea bila ya kusema kitu.

Ilikuwa ni picha za kule Uingereza, mji wetu wa zamani, asubuhi yao, mbele ya kituo cha polisi. Mvua ilikuwa inanyesha. Colin alikuwa amesimama kwenye vidaraja vya mlangoni, waandishi wamemzunguka, na kwapani ana kitambaa cha mistari ya buluu. Sauti ilikuwa ndogo, Yaqdhan ikabidi anirudilie maneno sikioni. Alisema alimuua baba yake mwaka 1969. Alisema pana mwanamke aliyemwokoa maisha, na yeye akamwacha mwanamke huyo ajione muuaji ili yeye aweze kupanda. Alisema mume wa mwanamke huyo alikuwa anaitwa Sleyum. Alilitamka vizuri jina hilo.

Kisha mtu mmoja akatoka katika ule umma, mtu mzima, amevaa koti la kazi. Akapanda vidaraja viwili akampiga Colin ngumi ya mdomo. Kichwa kikaenda nyuma, kikagonga mlango. Watu wakapiga kelele. Mie nilikuwa naungojea mkono wa Colin. Nnaujua mkono ule, na ulimwengu mzima umeuona. Yule mtu akampiga mara ya pili, na damu ikamchuruzika kidevuni ikaingia kwenye kola.

Mkono mmoja ulikuwa umekumbatia kitambaa. Wa pili ulikuwa unaning'inia tu ubavuni, vidole vimefunguka. Hakuunyanyua hata kujikinga uso. Askari mmoja, mwanamke, akaja akamshika taratibu kiwiko, akamfungulia mlango, na kabla ya kuingia akamfuta damu na kitambaa chake cha mfukoni.

Yaqdhan alikuwa ananitazama na lile jicho lake moja zima. Nikamuuliza yeye kwanza kama nimsamehe, maana pua ni yake. Akapandisha bega, akasema haya, Bibi.

Nikaileta simu karibu na mdomo, ingawa najua kwamba kule hakuna anayesikia, na pale kiooni mlango ulikuwa umeshafungwa.

"Nimekusamehe, mwanangu," nikasema. "Wote wawili."

Kheiria akanishika mkono. Wakawa wanatuita.